Glasi ya Coca-Cola ya kengele, ya Pepsi ya katuni, au ya promosheni ya kwetu: uchukue ipi ukiwa Mwanza?

Jumamosi moja nilikuwa soko la Mlango Mmoja natafuta suruali, sina habari na glasi wala nini, nikamkuta jamaa kamwaga vyombo vya mtumba juu ya turubai, sahani za maua, sufuria halina mfuniko, pasi imekatwa waya, na katikati glasi mbili za soda zimesimama peke yao kama maharusi. Moja ya Coca-Cola, ile ya chini nyembamba afu juu imetuna kama kengele iliyopinduliwa. Nyingine ya Pepsi, ndefu imenyooka, ina mchoro wa yule bata Daffy Duck. Ya kengele alitaka elfu arobaini, ya bata elfu ishirini na tano.

Nikamuuliza hiyo arobaini inatoka wapi, akaniambia "hii ya tangu Mjerumani braza, mzungu alikuwa anapoozea koo nayo pale kwenye jiwe la Bismarck." Nikacheka kimoyomoyo. Mjerumani alitolewa Mwanza na Waingereza Julai 1916, na hilo umbo la kengele Coca-Cola wameanza nalo mwaka 1929, sa huyo Mjerumani labda alinywea ndotoni. Akaona sijashtuka akaigeuza glasi, akanionyesha namba chini kwenye kitako, 48, "si unaona, mwaka 48 huu." Hapana. Namba ya kwenye kitako mara nyingi ni namba ya kalibu tu, lile umbo la kufinyangia kioo cha moto, yaani kiwandani wanakuwa na kalibu nyingi wanazipa namba ili glasi zikitoka mbovu wajue ni kalibu gani ina matatizo. Hata glasi za Duralex za Ufaransa, hizi tunazonywea chai, zina namba chini na haina uhusiano wowote na mwaka. Ukitoka na hilo moja tu kwenye maandishi haya umeshaokoa hela.

Sasa mfukoni nilikuwa na elfu thelathini na suruali bado. Na kichwani nikakumbuka glasi ya tatu, iko kwenye kabati la vyombo la shangazi yangu Nyakato, ya Coca-Cola pia ila ya promosheni ya hapa hapa, imeandikwa Burudika. Zipo sita. Kwaiyo swali langu la siku hiyo ndo hili ninaloliweka hapa, kati ya hizi tatu ipi uchukue na ipi uiache jamaa aendelee kuifutia vumbi.

Nianze na ya kengele maana ndo inayowadanganya wengi. Ni nzuri, inakaa vizuri mkononi, na kila mtu anaijua hata asiyejua kusoma. Ila tatizo lake ni hilo hilo, umbo hili halijawahi kufa. Limeanza 1929 na mpaka leo linatengenezwa, linauzwa kwenye maduka ya zawadi, linatolewa kwenye ofa, na wanatengeneza kwa kibali kabisa na wakati mwingine wanaweka maandishi ya zamani makusudi ili ipendeze. Yaani sio feki, ni orijino, ila ni orijino ya juzi. Ukimwambia muuzaji ni feki atagombana na wewe na atakuwa sahihi, na wewe utakuwa sahihi pia kukataa bei yake.

Kwaiyo ya kengele unaisoma kwa kutafuta kitu kinachoipunguzia umri, sio kinachoiongezea. Ule utepe mweupe unaopinda kama wimbi chini ya jina la Coca-Cola umeingia mwaka 1969, glasi ikiwa nao haiwezi kuwa ya miaka ya hamsini hata muuzaji aape kwa bibi yake. Neno Coke kampuni ililisajili 1945. Kaulimbiu nazo zinasaidia sana, Coke Is It ni ya 1982, Always Coca-Cola ni 1993, Open Happiness 2009, Taste the Feeling 2016. Ukiona anwani ya tovuti au msimbo wa mistari ya kuskani basi hapo hata usihesabu, msimbo wenyewe ulianza kuskaniwa dukani Marekani 1974 na tovuti zimekuja kuwa kitu cha watu wote miaka ya tisini. Kwa upande wa pili, zile za zamani kweli huwa na maneno madogo ya Kiingereza kuhusu usajili, ama yameingia ndani ya mkia wa ile C ya kwanza ama yako chini ya jina. Lakini kumbuka nilivosema, maneno hayo wanayakopi. Alama inakuambia glasi haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka fulani, haikuambii kwamba ni ya mwaka huo. Ya jamaa ilikuwa na wimbi. Mjerumani kwisha habari yake.

Ya Pepsi ni mambo mengine kabisa. Mwaka 1973 kule Marekani Pepsi walitoa seti ya glasi zenye wahusika wa katuni za Warner Bros., Bugs Bunny, Tweety, Sylvester, Porky Pig na wenzao, wako 18 kwenye seti ile, na watu walikuwa wanazipata kwenye migahawa ya chakula cha haraka na vituo vya mafuta, unanunua soda unaondoka na glasi. Sa hizi uzuri wake ni kwamba zimeandikwa mwaka pembeni, 1973, pamoja na jina la Warner Bros. na maneno ya kuonyesha ni seti ya wakusanyaji. Kisheria mwaka ule ni wa haki ya mchoro sio wa kioo, na kuna glasi nyingi duniani zinabeba mwaka wa mchoro huku kioo ni kipya, ila hizi zilikuwa za promosheni ya muda, kwaiyo mchoro na kioo havipishani sana. Afu geuza kitako utafute alama ya kiwanda. Herufi B ndani ya duara ni Brockway, F ndani ya ngao ni Federal, na L ya mwandiko wa kulala ni Libbey. Hiyo ya jamaa ilikuwa na B, imefifia lakini ukiielekezea jua inaonekana vizuri.

Zimefikaje Mwanza? Nadhani kwenye makontena ya vyombo vya mtumba, au kwa wale wamisionari na wafanyakazi wa mashirika ambao wakihama wanauza nyumba nzima mpaka vijiko. Ndo maana ukisikia kuna mzungu anahama Capri Point nenda, hata kama hununui kitu utaona vitu.

Ndani ya seti yenyewe bei sio sawa. Bugs Bunny na Daffy Duck ziko nyingi sana kwa sababu kila mtu aliwataka, wale wahusika wasiojulikana sana kama Slow Poke Rodriguez ndo wanatafutwa. Kuna maandishi meupe na kuna meusi, na wakusanyaji wanaringa na tofauti hizo kama sisi tunavyoringa na aina za sato. Ila Daffy ni Daffy, kule kwao ni dola chache tu, sio kitu cha kukujengea nyumba.

Nembo ya Pepsi nayo inakupa miaka kirahisi kuliko ya Coca-Cola maana wao wanabadilisha badilisha. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya sitini ni mwandiko wa kupinda na neno Cola likiwepo, 1962 wakaweka herufi nene za kawaida na kubakisha Pepsi peke yake, 1973 lile duara likakaa katikati ya vibao viwili vya rangi, 1991 maandishi yakalala, na lile duara lenye kama tabasamu ni la 2008. Coca-Cola wao wameng'ang'ania mwandiko mmoja zaidi ya miaka mia, ndo maana glasi zao ni ngumu kuzisoma kwa jina pekee.

Haya, ya shangazi. Hii haina mwaka, haina alama ya kiwanda, haina chochote chini, kitako kitupu. Ina jina la Coca-Cola, lina wimbi, na neno Burudika, lile tulilolizoea kwenye mabango ya ukutani. Kwa wimbi najua ni baada ya 1969, na kwa kutokuwa na tovuti wala namba ya simu ya kupiga uambiwe umeshinda nini nahisi ni kabla ya miaka ya elfu mbili. Shangazi alikuwa na duka la soda Kirumba enzi hizo, anasema walikuwa wanakusanya vizibo, ukifikisha idadi unapeleka unapewa glasi. Huo ndo ushahidi nilionao, mdomo wa mtu mzima, na kwenye hizi glasi za kwetu mara nyingi ndo ushahidi utakaoupata kwaiyo uandike. Mi nimechukua karatasi nikaandika nani aliipata, wapi, dukani kwa nani, nikaikunja nikaiweka ndani ya glasi. Bila karatasi ile, shangazi akiondoka (Mungu ampe umri) ni glasi tu.

Na kuna jambo moja nimelifikiria sana. Glasi ya kengele inakopiwa kwa sababu ina soko. Hata hizi za katuni zina kopi zake, stika za kubandika. Lakini ya shangazi hakuna mtu duniani atakayejisumbua kuitengenezea feki, maana hakuna anayeinunua. Kwaiyo ukiikuta ni yenyewe, huna haja ya tochi wala darubini. Ubaya wake ni huo huo, huwezi kuingia onlaini ukaona zimeuzwa ngapi kwa bei gani.

Sasa tuongee rangi, maana hapa ndo pesa ilipo na umri unakuja nyuma. Glasi ya promosheni haiuzwi kioo, inauzwa rangi. Rangi za zamani zilipigwa kwa skrini, kila rangi peke yake, afu glasi ikaingia kwenye joto kali rangi ikashikana na kioo. Ukipitisha ukucha taratibu unasikia imenyanyuka kidogo. Na mara nyingi rangi zimepishana kidogo, mdomo wa bata umetoka nje ya mstari, hiyo sio kasoro ya kukutisha, ni dalili nzuri. Stika ina ukingo, ukiikuza kwa kamera ya simu unaona vinukta vinukta kama picha ya gazeti. Ukiona vinukta rudisha chini taratibu, sema ahsante, ondoka.

Adui wa rangi huku kwetu ni usafi. Nisikilize vizuri. Kule Ulaya na Marekani glasi zinaharibiwa na mashine ya kuoshea vyombo, rangi inapauka na kioo kinakuwa na ukungu. Sisi hatuna mashine, tuna stili waya, tuna majivu na tuna mchanga wa ziwani. Nilishawahi kuvuka ziwa mpaka Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa sababu jamaa aliniambia mama yake ana glasi ya Fanta ya zamani, nimefika, nikasalimia kwa Kisukuma mwangaluka mayu, nimekaribishwa vizuri, nimekula sato wa kuchemsha, glasi ikaletwa inang'aa kama almasi. Imesuguliwa na mchanga pwani ya ziwa miaka yote, imebaki herufi F na nusu ya chungwa. Sikuwa na la kusema, nikanywea maji nikaaga.

Ndo maana ya shangazi imenishangaza, zote sita rangi kamili. Kumbe sababu ni wageni. Zile zilikuwa glasi za wageni, zinakaa kwenye kabati na kitambaa cha kufuma juu yake, mgeni akija anatumiwa mtoto dukani kuleta soda, inafunguliwa mbele yake, anamiminiwa, akiondoka zinaoshwa na shangazi mwenyewe kwa mkono wake, sisi watoto tulikuwa tunanywea vikombe vya plastiki. Kwaiyo ukitaka glasi nzuri Mwanza usianzie sokoni, anzia kwenye makabati ya mashangazi na mabibi.

Ukungu una ukaguzi wake mdogo. Weka matone ya ndimu au siki ndani kwenye kitako, usiguse nje kwenye rangi, subiri dakika chache. Ukitoka ilikuwa ni chumvi ya maji tu. Usipotoka kioo kimeshaliwa na hakirudi, bei ishuke. Mdomo wa glasi upitishie kidole polepole sana maana kameguko kadogo macho hayaoni ila kidole kinaona. Afu igonge na ukucha, nzima inalia kwa kuvuta, yenye ufa inasema ko basi. Na mikwaruzo ya kitako, ya miaka mingi inaenda kila upande kwa sababu glasi imesukumwa mezani huku na huku, ukiona mistari yote imelala upande mmoja ujue mtu kakaa na msasa jioni anaizeesha.

Pembeni hapa niseme kuhusu za Kombe la Dunia maana watu wengi wanazo. Coca-Cola wamekuwa wadhamini wa Kombe la Dunia tangu 1978, kwaiyo glasi na vikombe vya mpira viko vingi mno. Vya 2010, vyenye yule chui Zakumi wa Afrika Kusini, watu wanadhani wameshika dhahabu. Weka tu, ila usinunue kwa bei kubwa, bado ni vingi na bado ni vya juzi.

Kuhusu kunywea. Ya kengele ikiwa nyeupe tupu juu na maandishi katikati, kwangu haina shida. Ya katuni mimi sinywei na mtoto simpi. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi na kadmiamu, na sio za zamani tu, mwaka 2010 McDonald's Marekani waliita zirudishwe glasi milioni 12 za katuni ya Shrek kwa sababu ya kadmiamu kwenye rangi. Wapimaji huwa wanaangalia zaidi sentimita mbili za juu, pale midomo inapogusa, kwaiyo rangi ikifika juu karibu na mdomo hiyo ni ya kuangalia tu. Juisi ya ndimu au ukwaju ndo usiweke kabisa, uchachu unaivuta rangi.

Bei sasa. Onlaini usiangalie bei iliyowekwa, mtu anaweza akaweka glasi dola mia tano ikakaa mpaka wajukuu. Angalia zilizouzwa kweli, eBay kuna sehemu ya kuchuja zilizouzwa. Afu ukiona dola kumi usikimbilie kuzidisha kwa shilingi ukajiona tajiri, kusafirisha glasi moja toka Mwanza ikafika nzima Marekani ni zaidi ya bei ya glasi yenyewe, kwaiyo bei ya huko ni ya kujifunzia sio ya kuvunia. Soko letu ni la hapa hapa, wenye baa wanaotaka kupamba kaunta, wapiga picha, watu wa kahawa za kisasa wanaopenda mambo ya zamani, na sisi wagonjwa wachache.

Kwa hesabu hiyo mimi ya kengele yenye wimbi naweka elfu tano, saba ikiwa safi sana, kwa kunywea. Kama unachotaka ni glasi ya kutumia kila siku, ichukue hiyo wala usihangaike na mwaka, nunua hata nne. Ya Pepsi ya 1973 yenye rangi kamili ningeenda mpaka kumi na tano kwa sababu hapa haionekani kila siku, na ukiwa unataka kuanza kukusanya ndo mwalimu mzuri, ina mwaka, ina kiwanda, ina seti, kila ulichosoma unakiona kwa macho. Ya kwetu yenye Kiswahili haina bei, na sisemi hivo kwa mapenzi, kweli haina bei, inategemea mwenye nayo anataka nini. Kama una nafasi ya moja tu kwenye shelfu na humpangii mtu wa nje kuuza, chukua hiyo kabla mtu hajaisugua.

Chupa nazo watu wanauliza, zile za kioo za kurudisha. Mimi siziweki kundi hili, zimezunguka kwenye makreti na mashine mpaka kiunoni zimekwaruzika zote, na isitoshe ni mali ya kampuni, wewe umelipia dhamana tu.

Siku ile nilimpa jamaa elfu kumi na tatu ya Daffy Duck baada ya kubishana kama nusu saa, nikamwomba gazeti la kufungia akaniambia gazeti ni mia tano. Suruali nikanunua ya elfu nane. Jioni nikapita Nyakato, shikamoo shangazi, marahaba baba, nikatoa ombi langu. Kuuza akakataa katakata, "glasi za wageni haziuzwi." Ila akaongeza kwamba zile sita hazitoshi siku hizi wageni wakija kundi, angekuwa na kumi na mbili zinazofanana ingekuwa afadhali. Nimemnunulia dazeni mpya pale Makoroboi, nikaondoka na mbili za Burudika, nne kagoma kuziachia. Zangu nimezipanga mbali mbali, usije ukapachika moja ndani ya nyingine, zikinasa ndo mwisho wa rangi na wa mdomo.

Ile ya kengele bado ipo Mlango Mmoja. Juzi nimepita, Mjerumani kashuka mpaka elfu kumi na tano. Nimemwambia elfu tano, akacheka, akaifuta vumbi akairudisha kwenye turubai.